Dakika Kumi za Majaribio

Halmashauri ya mji ule wa kaskazini mwa Finlandi ilitangaza kwa fahari kuwa zama za ukimya zimekwisha. Vishikwambi kumi na viwili vya kuwasemea watu wenye usonji vimeshawasili! Na kweli vilikuwapo. Bi Riitta Vainikainen, mkuu wa Kitengo cha Ujumuishwaji, alivifungia kabatini miaka miwili iliyopita, na tangu hapo hakuna hata kimoja kilichopata mkwaruzo.

Alijivunia rekodi hiyo. Ndiyo maana alishtuka pale Marketta Hyvönen alipoingia kuomba kimoja, akiwa na mdogo wake Tuulikki, mwanamke wa miaka thelathini, mpanga vitabu wa maktaba, asiyetamka neno.

"Mwombaji apige simu mwenyewe," Bi Vainikainen alieleza kwa upole. "Athibitishe kwa sauti yake kwamba hawezi kusema."

"Mama, unanitania?"

"Utaratibu hautanii, dada."

"Juzijuzi jino limemuuma siku tano! Sisi tukadhani kanuna. Anajigonga ukutani, hali, halali, na hana namna ya kutuambia. Siku tano, mama!"

Bi Vainikainen akaandika: *jino*. Kitu kilimchoma moyoni, lakini hakikuwa na kisanduku chake kwenye fomu. Angewarudisha nyumbani, ila siku hiyo mwenyekiti wa halmashauri alikuwa amekuja kukagua, kakaa palepale na kikombe cha kahawa. Basi akaidhinisha majaribio ya dakika kumi, chini ya uangalizi.

Tuulikki alikipokea kishikwambi kama mtu anayerudishiwa miwani yake. Kimoja kama hicho alikizoea zamani kazini maktaba, ila hakiruhusiwi kutoka nje.

"Umeyaelewa masharti?" Bi Vainikainen akamuuliza, kwa sauti ya juu, kana kwamba anaongea na kiziwi.

Tuulikki akaipekua fomu, akabonyeza. Sauti ikatoka, tulivu kabisa:

"Ukurasa wa nne upo mara mbili. Wa tano haupo."

Mwenyekiti akaivuta fomu, akahesabu, akahesabu tena.

"Riitta, wa tano si ndio wa kuidhinisha?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa hiyo miaka miwili hii watu wanajaza fomu isiyoweza kuidhinishwa?"

Bi Vainikainen akafungua mdomo, akaufunga. Neno halikuja.

Tuulikki alimtazama kidogo, kisha akamsogezea kishikwambi.

Mkuu wa Kitengo akakikodolea macho, kidole hewani. Hakuna aliyewahi kumfundisha kukitumia.