Seva Chini ya Meza ya Pasi

Jumatatu, 3 Machi

"Mtu mwenye akili timamu haendeshi seva ya barua pepe nyumbani kwake, kama ambavyo hafui sare za jeshi zima kwa ndoo moja." Kaandika Mkaguzi, jana, ukurasa wa nane wa gazeti letu la wiki. Alistaafu ukaguzi wa shule miaka sita iliyopita na bado anakagua. Hoja yake haina miguu. Kwanza, sina jeshi, nina mke. Pili, anayeikabidhi kampuni ya mbali barua zake imtunzie ana tofauti gani na mtu anayempa jirani ufunguo wa chumba cha kulala ili asipate taabu ya kufunga mlango? Nimeandika makala tatu juu ya jambo hili. Leo vitendo.

Kompyuta kuukuu waliyoiacha watoto walipohama nimeiweka sebuleni, chini ya meza ya kupigia pasi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ana duka la kutengeneza kompyuta karibu na stendi. Kaja kunisaidia kuweka programu. Kasema kazi hii watu wazima wameikimbia. Nikamjibu ndiyo maana nimebaki mimi.

Mke wangu ni nesi, mwaka wa kumi na nane sasa wodi ileile. Ameomba mafunzo ya kutoa dawa ya usingizi kwa wagonjwa wa upasuaji. Nafasi ni kumi na mbili. Majibu yanakuja wiki hii kwa barua pepe, na atakayeitwa lazima athibitishe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Aliniomba jambo moja: nisiguse anwani yake mpaka barua ije.

Nimemhamishia kwenye seva yangu mchana, akiwa zamu. Nimewaandikia chuo kwa jina lake, kutoka anwani yake ya zamani, kwamba anwani imebadilika. Wakajibu palepale, kwenye anwani mpya, kwamba wamerekebisha. Kwa hiyo mashine inapokea. Atanishukuru.

Jumanne, 4 Machi

Hajanishukuru. Alisimama mlangoni na sare yake, viatu mkononi, huku mimi nikiingiza mipangilio kwenye simu yake. Simu ilikataa nywila mara nane. Kumbe nywila ilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea namba ya mlango wa seva ambao simu inapitia kuchukua barua. Alichelewa zamu kwa dakika arobaini. Njiani kaniuliza kwa ujumbe mfupi kama nimemuacha na anwani yoyote inayofanya kazi. Nimemjibu kwamba sasa ana anwani huru.

Tatizo jingine. Mashine inapokea lakini barua ninazotuma hazifiki. Shemeji kazikuta kwenye kapu la barua taka, katikati ya tangazo la dawa ya kuotesha nywele na mirathi ya jenerali aliyekufa. Makala zangu! Miaka ishirini na mbili ya kuandika hadharani, na mashine fulani isiyosoma hata aya moja inanipanga na waotesha nywele.

Shemeji kanieleza. Seva kubwa hazimfahamu mgeni. Lazima rekodi ziwekwe pale lilipoandikishwa jina la anwani yangu, ziseme seva hii ni ya fulani, na kila barua iwe na saini isiyoonekana. Bila hayo ni sawa na mtu anayegonga geti bila kitambulisho. Nikasema sijawahi kuomba ruhusa ya kusema. Nikaiandikia kampuni kubwa kuliko zote barua ya kurasa nne, kali, yenye marejeo. Shemeji anadhani na hiyo iko kwenye kapu la taka. La kwao wenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimeweka rekodi. Sikukubali hoja, nilikubali kuweka rekodi. Nilikosea nukta moja, nikasubiri saa tatu, nikaiona, nikasahihisha, nikasubiri tena. Saa nane mchana barua yangu ikaingia kwenye sanduku la Shemeji. Sanduku lenyewe, si kapu. Nilimwambia aisome kwa sauti kwenye simu. Ilikuwa na neno moja, "jaribio", lakini alilisoma vizuri.

Barua ya pili nimemtumia Mkaguzi, kumjulisha kwamba jeshi limefuliwa.

Ila kabla ya kuituma niliweka jibu otomatiki, maana mwandishi mwenye adabu haachi barua bila jibu. Linasema: "Barua yako imefika kwenye seva yangu binafsi. Kama umeandika kunipinga, umekosea. Hoja zitafuata." Shemeji, bado kwenye simu, akanielekeza kwenye kisanduku cha kuwekea tiki: mtu yuleyule ajibiwe mara moja tu kwa siku. Kasema niweke tiki. Nikakataa. Tangu lini mtu akanipinga mara mbili akajibiwa mara moja?

"Shem," akasema, "hicho kisanduku hakikuwekwa kwa urembo."

Ni kijana wa kompyuta. Hajawahi kukaa kwenye mdahalo.

Mke wangu kaangalia simu mara tatu wakati wa chakula. Hakuna barua ya chuo. Kasema zinatoka kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi kajibu! Jana, dakika ileile. "Nimesafiri. Nikirejea nitakukosoa kwa kirefu." Kiburi kilekile. Mashine yangu ikamjibu kwamba amekosea. Naye akajibu kwamba amesafiri, akirejea atanikosoa kwa kirefu. Mashine ikamwambia amekosea.

Hadi asubuhi nilikuwa na barua zake elfu kumi na tatu na mia saba. Nilisoma arobaini za kwanza nikiwa na kikombe mkononi. Lazima nikiri nilivutiwa na ukaidi wake. Lakini kuanzia ya kumi na tano hivi niliona anajirudia, na anayejirudia ameishiwa. Ilipofika ya arobaini ndipo nikaelewa kwamba hata yeye ameweka jibu otomatiki, na hata yeye amekataa tiki. Kwa mara ya kwanza nilimheshimu kidogo.

Shemeji nilimpigia nikitaka nimpe habari. Alicheka mpaka akamwomba mteja radhi. Halafu akaacha kucheka. Kaniambia nizime jibu otomatiki sasa hivi, diski ya mashine ile ni ndogo, itajaa, na dada yake anasubiri barua ya maana. Nikamweleza jambo ambalo hata mtoto angelielewa: anayezima kwanza ndiye aliyeshindwa. Mkaguzi akirudi safari atahesabu, na atakuta mimi ndiye niliyenyamaza. Nitazima yeye akinyamaza.

Mke wangu kapiga kwa simu ya mezani ya wodini. Mwenzake wa maabara, aliyeomba kozi nyingine chuoni hapohapo, kapata yake asubuhi. Sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao sijausikia tangu mtoto wa mwisho aingie sekondari. Kaniomba niiangalie anwani yake kila nusu saa, kwa sababu simu za mkononi wodini haziruhusiwi. Nimeahidi.

Saa tisa alasiri Mkaguzi akanyamaza. Ghafla. Nilikaa mbele ya mashine dakika kumi, hakuna barua. Saa tisa na nusu, hakuna. Saa kumi, kimya kabisa, kwake na kwa kila mtu. Nilipiga meza kwa furaha. Nikazima jibu otomatiki kama nilivyoahidi, maana mimi ni mtu wa neno langu.

Anwani ya mke wangu nimeiangalia kila nusu saa. Hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimeiangalia mara nne, hakuna kitu. Nikaenda kwa kinyozi, nikamweleza yeye na waliokuwa wakisubiri jinsi Mkaguzi alivyonyamazishwa. Mmoja kauliza hoja ilikuwa nini. Nikasema hoja ilikuwa nani ataacha kwanza. Wakakubali kwamba hiyo ni hoja.

Mke wangu karudi saa nane, kabla ya mwisho wa zamu. Hakukaa. Alikuwa amewapigia chuo mwenyewe saa sita na dakika arobaini. Karani kamwambia barua ilitumwa jana saa kumi jioni, ikarudi. Wakaituma tena leo saa mbili asubuhi, ikarudi. Kila mara na ujumbe uleule: seva ya mpokeaji imejaa, haipokei. Saa sita walikwenda kwa anayefuata. Naye alithibitisha saa sita na robo.

Nikainama chini ya meza. Diski imejaa hadi juu. Barua elfu arobaini na moja. Ukimya ule wa saa tisa haukuwa wa Mkaguzi. Ulikuwa wa mashine yangu.

Nilianza kumweleza kwamba seva ya chuo ilipaswa kuendelea kujaribu kwa siku kadhaa, kwamba ndivyo inavyoelekezwa na watu wote makini wa fani hii. Akanisikiliza mpaka mwisho. Ana tabia hiyo, anawasikiliza hivyo wagonjwa.

"Walikuwa wanachukua kumi na wawili," akasema. "Nilikuwa wa nne, baba. Kanisomea orodha. Wa nne."

Kisha akachomeka pasi, akaanza kunyoosha sare ya kesho. Aliponyoosha mguu akaigusa mashine chini ya meza, akaurudisha. Hakuipiga teke. Ningependa angeipiga teke.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja bila kupiga simu na hakunisalimia kwa utani wake wa kawaida. Kamfungulia dada yake anwani mpya, kwenye kampuni ileile niliyoiandikia kurasa nne. Walikaa jikoni, mlango umefungwa. Nywila sijaambiwa. Mke wangu kawaandikia chuo kuhusu mwaka ujao, na alipotoka alinitazama kama anavyotazama kitanda ambacho mgonjwa wake amekwisha kuhamishwa.

Sikula mchana. Nilikaa na mashine, nikafuta barua moja moja, kwa sababu sikutaka kumwomba Shemeji anifundishe kufuta zote kwa pamoja. Nilifuta elfu moja na mia mbili, vidole vikafa ganzi. Kila moja ilisema amekosea au amesafiri. Nilijiuliza ni kwa nini sikuweka tiki. Nilijiuliza kwa dakika nzima.

Ndipo nikaruka mpaka ile ya mwisho kabisa kuingia kabla diski haijajaa. Ni ya Mkaguzi. Yaani mashine yangu ilijaa kabla ya kumjibu. Neno la mwisho ni lake! Nimelala kitandani saa kumi jioni na viatu miguuni.

Jumatatu, 10 Machi

Mkaguzi karudi. Kaniandikia kwa mkono wake, mistari miwili: kakuta sanduku lake limejaa, amekosa picha za mjukuu wake aliyezaliwa Alhamisi, na anapendekeza sote wawili tuzime tukapumzike. Anaomba suluhu. Dalili ya mtu aliyeanguka.

Nimeweka diski mpya, mara nane ya ile ya zamani. Nimeifunga mwenyewe, Shemeji kasema ana wateja. Jibu otomatiki nimeliwasha upya, refu zaidi, aya tatu, bila kikomo. Kisha nimeandika makala ya Jumapili. Inamalizika hivi, na sitabadilisha hata neno:

Ninyi makarani wa chuo, mnaokaa kwenye dawati la udahili, nawasemesha ninyi hasa. Mlikuwa na barua ya mwanamke aliyekuwa wa nne, mkaituma mara mbili tu mkachoka. Mwaka ujao ataomba tena, na atawapa anwani nyingine, ya kampuni. Msiitumie. Iko anwani iliyo huru, yenye nafasi ya kutosha na mtu anayeiangalia kila nusu saa. Barua ya mke wangu itumeni kwangu.