Kofia ya Marehemu Katika Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 7 Julai 1913

Motokaa imefika Nyaishozi! Ni ya mzungu mwokota mawe. Wapagazi waliileta vipande vipande toka Bukoba, sasa imeungwa na inanguruma. Mwenyewe kalala na homa. Dereva wake, Saleh wa Tanga, anapenda nyama ya mbuzi. Nimempa paja zima. Ijumaa atanipeleka Isingiro kwa Mwanamisi.

Mwanamisi ni mjane wa rafiki yangu Mgeni, Mungu amrehemu. Eda imekwisha. Kibanja chake cha kahawa ni kikubwa, sikatai, lakini ninayempenda ni yeye. Nikisikia jina lake tu namwaga chumvi ya wateja dukani kwangu. Tumeposa wawili: mimi Zubeiri, na Seif wa duka la ng'ambo ya njia. Jibu atalitoa Ijumaa, maana anataka ndoa kabla ya Ramadhani.

Nitavaa kanzu nyeupe pepepe. Na ile kofia ya viua niliyoazima kwa Mgeni Idi ya mwaka jana. Alifariki kabla sijairudisha. Nifanyeje? Maiti havai kofia.

Jumanne, 8 Julai

Tumeijaribu motokaa. Nilikaa kiti cha nyuma, kama liwali. Hesabu yangu: gari linakwenda mbele, basi vumbi lote litabaki nyuma. Chetezo cha udi miguuni, nifike nikinukia.

Astaghfirullah! Mbio zilipokolea, moshi wa udi haukwenda nyuma. Ulipanda, ukageuka, ukaenda mbele ukamzunguka Saleh shingoni. Kisha kisogo changu kikapata baridi. Pumzi! Fupi fupi, toka nyuma. Marehemu Mgeni alikuwa na pumu, na desturi yake kusimama mgongoni mwa mtu akipumua vivyo hivyo. Nikageuka. Hakuna mtu. Vumbi tu, limesimama wima nyuma ya gari. Halitukaribii, wala halituachi.

Halafu kofia ikanitoka. Ikaruka mbele! Ikaanguka mapajani mwa Saleh.

Saleh kasema wote wanaokaa nyuma hulalamika hivyo. Eti gari linaupasua upepo kwa mbele, nyuma yake panabaki pengo, na upepo unarudi kulijaza. Eti nitazame mtoni: majani yaliyo nyuma ya nguzo ya daraja hurudi kinyume cha mkondo, yaifuate nguzo. Mtu wa Tanga anifundishe mimi upepo! Ndugu zangu wa Pangani wangecheka.

Huyu ni Mgeni. Ana wivu.

Jumatano, 9 Julai

Seif ameondoka kwa miguu. Kikapu kichwani, kanzu kaifunga kiunoni. Alipita kunishauri twende wote, tufike tukiwa wanaume wawili safi, bibi achague. Nilimwambia nitamwonea huruma nikimpita njiani. Alicheka. Simpendi akicheka.

Alhamisi, 10 Julai

Dawa nimeipata. Nimetundika shuka nene nyuma ya kiti na kulikaza kwa kamba, Mgeni asipate njia. Tukajaribu tena.

Shuka lilipaswa kuvimba kwa nje. Lilivimba kwa ndani! Lilinikumbatia mabegani. Upande huu bega, upande ule bega, katikati tumbo la mtu. Likapumua. Nilisoma Ayatul Kursi mara saba. Saleh aliposimamisha, shuka likalegea, likawa shuka.

Saleh kasema nikae mbele naye. Mposaji akae na dereva? Thubutu! Kofia nitaifunga kwa uzi kidevuni.

Ijumaa, 11 Julai

Isingiro tumefika baada ya sala. Njia nzima Mgeni alikuwa kisogoni. Vumbi lilipanda kwa nyuma, likapita juu ya shuka, likanijaa. Kanzu imekuwa nyekundu. Watoto waliniona wakakimbia.

Saleh alisimama mlangoni. Basi lile vumbi lililokuwa likitufuata toka asubuhi likatufikia, likatupita, likaingia uani kabla yangu. Polepole, kama mwenye nyumba. Mwanamisi alikuwa barazani. Alisimama kulitazama vumbi, kisha ndipo akanitazama mimi.

Akaiona kofia.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema aliishona kwa mkono wake mwaka mzima. Aliitafuta arobaini yote, akamdhania wifi yake, wakagombana, na hadi leo hawasemezani. Alikata uzi kidevuni pangu, akaichukua kwa mikono miwili, akainusa. Akalia. Na mimi nikalia, tena kwa sauti, maana nilijua nimemkosa.

Seif alikaa mkekani, safi, anatafuna akamwani. Buni zile za kuchemshwa ambazo huku mwenyeji humpa mgeni anayemtaka. Kapewa jani zima la mgomba, limejaa. Mimi sikupewa hata punje. Nikaokota fimbo yangu mlangoni, nikaondoka.

Jumapili, 13 Julai

Nimerudi. Saleh alinikalisha mbele kwa nguvu, na kisogo hakikupata baridi hata kidogo. Basi jambo limejulikana: kosa lilikuwa la kiti.

Fimbo si yangu. Mimi sikwenda na fimbo. Ni bakora ya Mgeni, kichwa chake cha fedha, ilikuwa imeegemezwa pale mlangoni. Nitairudisha, inshallah, Ramadhani ikiisha. Imenikaa vizuri mkononi. Nasikia Bugomora kuna mjane mwingine, na mwanamume mwenye bakora huonekana mtu wa maana. Saleh nimeshampelekea paja la pili.

Ni adhuhuri. Milango nimefunga, nje jani la mgomba halitikisiki. Motokaa iko kwa mzungu, imezimwa.

Nimegeuka mara tatu. Hakuna mtu. Lakini anapumua, na safari hii hana haraka.

Nadhani ni ufa ukutani. Kesho nitauziba kwa udongo, kisha nikanunue uzi wa kufungia bakora.