Taarifa ya Afisa Mapumziko Kuhusu Kuchelewa kwa Kaburi la Baba Mkwe

Ndugu wananchi, wadau wa maendeleo na wapumzishwaji wote: ninayo heshima kubwa kuwatangazia kwamba sisi wa Uyole tumemaliza kazi. Simaanishi kazi ya barabara wala ya mtaro. Namaanisha kazi zote. Mashine zinapakia, mashine zinachimba, mashine zinapasua kuni, na binadamu, kwa mara ya kwanza tangu aumbwe, amekaa. Taarifa hii inaeleza mafanikio hayo. Vilevile inajibu maneno ya vijiweni kwamba baba mkwe wangu, marehemu Mzee Yotamu, nusura akose wa kumzika. Uongo huo. Alizikwa. Suala lilikuwa la muda tu.

Mimi naitwa Crispin, Afisa Mapumziko. Wivu upo, nafahamu. Idara yangu iliundwa siku ilipoletwa mashine ya kupakia viazi kwenye malori, wapakiaji wetu wakabaki wamesimama pembeni na mabega yao. Watu wasio na mikakati wangesema wamefukuzwa kazi. Sisi tulisema wamepumzishwa. Kila mmoja akapewa fulana na semina ya namna ya kutulia. Chakula cha mchana kilikuwepo, kwa wawezeshaji.

Msemaji wao, Sosthenes, akauliza swali lililokuwa nje ya ratiba.

"Bosi, tumepumzika, sawa. Sasa tunakula nini?"

Nilimjibu kitaalamu kwamba suala la kula bado linafanyiwa upembuzi yakinifu. Akaniangalia weee, mwisho akakaa. Nikaandika kwamba mshiriki ameelewa.

Changamoto ikaja kwenye lumbesa. Mnalijua gunia la huku kwetu: likishajaa linaongezewa kofia ya kamba, viazi vinaendelea kupanda mpaka gunia linaota kichwa. Lumbesa imekatazwa miaka nenda rudi, na miaka nenda rudi ndiyo inayouzwa. Mashine yetu ilitengenezwa na watu walioamini lile katazo. Ikikutana na gunia lenye kichwa inasimama na kupiga king'ora. Basi wapakiaji wakawa wanajipenyeza hapo, wanalipandisha gunia wenyewe huku mashine inalia, na tajiri wa viazi anawapa kitu kidogo. Haya, jamani, takwimu zangu za mapumziko zingesimama wapi?

Ndipo nikatunga kanuni. Nilisema kwamba mpumzishwaji yeyote, yaani kila mwananchi wa Uyole, haruhusiwi kubeba, kuchimba, kupasua, kusukuma wala kuinua kitu kwa ajili ya mtu mwingine, awe analipwa au halipwi. Yale maneno "au halipwi" ni ya kichwani mwangu mwenyewe. Mkurugenzi alinipongeza mbele ya kikao, akasema kijana huyu anaona mbali. Mgambo wakaingia mtaani. Mama mmoja, Atuganile, alikamatwa akimtwisha jirani yake ndoo ya maji. Akalipa faini. Alilia sana, lakini utekelezaji hauna machozi.

Jumamosi Mzee Yotamu akafariki, Mungu amrehemu. Mke wangu, Tusekile, ndiye mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo macho yote kwangu, mkwe mkubwa. Nilinunua ng'ombe dume, nikakodi turubai na viti, nikavaa suti nyeusi. Uyole nzima ikaja. Nilifarijika mno kuona umati ule, maana wapo waliokuwa wanadai kwamba sipendwi.

Umati ukakaa. Majembe na sepetu vilikuwa vimeegemezwa ukutani, tayari. Jua likapanda. Hakuna aliyeinuka.

"Sosthenes, ndugu yangu," nikamnong'oneza, "vijana waanze basi."

"Ndaga, bosi," akanishukuru kwa kilugha, "pole sana kwa msiba. Waanze nini?"

"Kaburi!"

"Ahaa. Kuchimba." Akawageukia wenzake. "Jamani, bosi anatupima. Angalieni vizuri, mgambo watakuwa wamejificha kwenye migomba."

"Hakuna mgambo! Huu ni msiba, wewe! Tangu lini mtu akalipwa kuchimba kaburi la jirani?"

"Ndiyo hapo sasa," alisema kwa upole wa kukera. "Kanuni imesema analipwa au halipwi. Hatulipwi. Inatuhusu kabisa."

Nikakimbilia jikoni. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wamejifunika khanga, moto hakuna.

"Mama Atuganile, watu watakula nini?"

"Baba, lile sufuria ni zito. Faini ya ndoo nilishalipa. Ya sufuria sina."

Ng'ombe naye alisimama pale pale nilipomfunga. Wachinjaji walinieleza kwamba huwezi kumchinja bila kumwangusha, na kumwangusha ni kumsukuma, nao ni wapumzishwaji wanaoheshimu sheria. Mpaka jioni alikuwa amekula nusu ya migomba ya marehemu.

Msinione mjinga. Mashine ya kuchimba ipo, tunachangia na wenzetu wa Iringa. Niliipigia simu, ikaletwa Jumatatu asubuhi juu ya lori refu, wakati huo Mzee bado anasubiri mochwari na Tusekile hajanisemesha tangu juzi yake. Tatizo ni kwamba Mzee alikuwa ameagiza alazwe nyuma ya nyumba, ubavuni kwa mkewe, katikati ya migomba. Dereva wa mashine alizunguka nyumba, akarudi anakuna kichwa.

"Njia hamna, bosi."

"Tukiitengeneza?"

"Tubomoe jiko, choo, na nyumba yenyewe kidogo upande huu."

Nilishafungua mdomo kuidhinisha. Tusekile akasimama mlangoni.

"Crispin. Ubomoe nyumba ya baba yangu ili upate kumzika? Thubutu! Nitakufukia naye humo humo."

Nikaona hoja yake ina mashiko.

Saa sita Mkurugenzi akafika kutoa salamu za pole, na hotuba mfukoni kuhusu mafanikio ya mapumziko. Alikuta hakuna kaburi, hakuna wali, kuna ng'ombe mzima na umma uliotulia tuli. Nikamweleza. Akabadilika rangi.

"Naifuta kanuni," alitangaza. "Naifuta sasa hivi, kwa mdomo wangu. Haya, chimbeni."

Sosthenes akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mheshimiwa, mdomo wako tunauheshimu. Ila mgambo hawakuwepo kuusikia. Ukianza wewe mwenyewe kuchimba, hapo tutajua kweli imefutwa. Nani atakukamata wewe?"

Wazee wakaitikia kwamba kijana kasema vema. Basi tukavua makoti, Mkurugenzi na mimi, tukaingia migombani. Kumbe udongo una mizizi! Kumbe jembe lina mpini mrefu hivi! Umati ukatuzunguka, ukatulia, ukawa unatuelekeza.

"Inama zaidi, mheshimiwa."

"Siyo hapo, hapo ni kwa mama yake Tusekile. Utamfukua!"

Shimo lilipofika magotini, Mkurugenzi akakaa ukingoni anahema, tai begani. Malengelenge yangu yalikuwa yameshapasuka, nikawa natamani kulia. Tusekile akaja, akalitazama lile shimo. Lilikuwa limepinda.

"Tokeni humo," alisema. "Mnamchimbia baba yangu shimo la viazi."

Kisha akapiga magoti akalia kwa sauti, anamwita baba yake, anamwomba msamaha kwa kumletea mkwe wa namna hii. Hata mimi nilisikia aibu, nakiri.

Sosthenes alivua fulana niliyompa kwenye semina. Hakunitazama.

"Twendeni," aliwaambia wenzake. "Ni kwa Mzee Yotamu. Siyo kwa hawa."

Wakaingia. Atuganile na wenzake wakawasha moto bila kuulizwa. Ng'ombe akaangushwa. Jioni ile Mzee Yotamu alilazwa ubavuni kwa mkewe, kaburi limenyooka, watu wakaimba, wakala, wakasambaa.

Hali ilivyo sasa: kanuni imefutwa rasmi. Kuhusu mimi binafsi, siku hizi sikosi msiba wowote hapa Uyole. Nafika kabla wafiwa hawajamaliza kuwapigia simu ndugu zao, nimebeba sepetu yangu mwenyewe, na Mkurugenzi nyuma yangu na ya kwake. Tunakwenda moja kwa moja panapochimbwa. Vijana wanatupokea zile sepetu kwa heshima, kwa mikono miwili, wanatufutia viti vumbi. "Kaeni, mabosi," wanatuambia. Wanachimba bila sisi. Na huku kwetu asiyewachimbia wenzake, siku yake hana wa kumchimbia.

Juzi, kwenye msiba wa mama mmoja muuza ndizi, Mkurugenzi aliomba walau atupe udongo kidogo. Wakamkatalia kwa adabu, wakamrudisha kitini. Mama yake mzazi yuko hoi kitandani mwezi wa pili sasa. Mkurugenzi akaangua kilio pale pale mbele za watu. Waombolezaji walimpa pole, wakidhani alimfahamu marehemu.