Takwimu za Yeye na Mwenzie

Jumamosi, 29 Novemba 2014

Nimevamiwa. Jana kwenye mkutano wa umoja wetu wa Watanzania hapa Dubai, Fortunata ametangaza kugombea uenyekiti. Fortunata! Mpokea wageni wa kliniki ya meno, Oud Metha! Alisimama na kitabu cha takwimu za kwetu Tanzania, akatusomea jedwali baada ya jedwali: nani analima, shamba limeandikwa jina la nani, nani anachota maji, nani anakaa kiti cha mbele. Akakifunga. Akauliza kwa upole mbona umoja wetu haujawahi kuongozwa na mwanamke. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Mikono haina akili.

Uchaguzi ni tarehe 12. Mzee Msellem anang'atuka, mimi ni makamu wake mwaka wa tatu, kiti ni changu. Tena mwezi wa kumi nilishamwambia Mama kule Muleba kwamba nimekuwa mwenyekiti. Sikudanganya, niliwahisha tu. Sasa jumuiya yake yote imeniombea misa ya shukrani. Anasubiri picha yangu nimekaa kwenye kiti. Nikishindwa, Mama ataweka wapi uso wake? Usiku sikulala.

Jumatatu, 1 Desemba

Dawa ya moto ni moto. Takwimu kwa takwimu! Nitawapima Watanzania wa hapahapa Dubai, wanaume na wanawake, ijulikane nani anaibeba jamii hii mgongoni. Jibu ninalo tayari. Kilichobaki ni kulifanyia utafiti.

Nimetunga fomu kazini, pale langoni ninapolinda, Silicon Oasis, katikati ya kuwaandikisha wageni kwenye daftari. Jina, saa, me au ke, sahihi. Mtu mia mbili kwa siku. Nani mwenye uzoefu wa takwimu kunizidi?

Maswali manne. Unafanya kazi saa ngapi kwa siku? Kwako nani anapika? Mara ya mwisho ulilia lini? Kati yako na mwenzio, nani mwenye kauli? Sikuandika mkeo, wanawake wangenuna. Sikuandika mumeo, wanaume wangenipiga. Nimeandika mwenzio. Busara hiyo. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa: USIANDIKE JINA.

Nimemwonyesha Idd. Idd ni mfunga nondo, shingo kama pipa, tunalala naye chumba kimoja International City, ambako mitaa imepewa majina ya nchi; wetu ni Urusi. (Urusi ya nyuzi arobaini.) Akaisoma fomu mara mbili, akauliza kama hakuna kitu nimekisahau. Nikamwambia afunge nondo zake, sayansi aniachie mimi.

Ijumaa, 5 Desemba

Ushindi! Nimegawa fomu mlangoni baada ya swala, kisha mlangoni baada ya misa. Zimerudi arobaini. Nimezipa namba kwa kalamu nyekundu. Fortunata naye amejaza, akanirudishia imekunjwa, akanitakia kila la heri. Jeuri ya mtu anayezama.

Jumamosi, 6 Desemba

Msiba.

Nimekaa kitandani nichambue. Wanaume kushoto, wanawake kulia. Fomu ya kwanza: yeye ndiye anayepika, na yeye ndiye mwenye kauli. Yeye nani? Ya pili: mwenzangu ni mkali, mimi nanyamaza. Mwenzangu wa kiume au wa kike? Ya tatu vilevile. Zote arobaini zimejaa yeye na mwenzangu, na hakuna hata mmoja mwenye jinsia! Sikuuliza. Kila siku naandika me au ke mara mia mbili, na kwenye utafiti wa me na ke sikuuliza.

Lawama hizi naiachia lugha. Waarabu wana yeye wa kiume na yeye wa kike. Waingereza wanao. Sisi tuna yeye mmoja, tunamgombania wote.

Idd kaniletea sahani ya wali na samaki wa nazi. Kapika vizuri sana, kama kawaida yake. Akauliza kama ndicho kile alichokiuliza. Nikamwambia ale.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, na mimi nimejikomboa. Akili ni nywele, na zangu ni za kutosha. Si lazima mtu akwambie jinsia yake, majibu yenyewe yanasema. Anayepika, mwanamke. Aliyelia mwaka huu, mwanamke. Anayefanya kazi zaidi ya saa kumi, mwanaume. Mwenye kauli, mwanaume. Panapokuwa na utata naangalia mwandiko: anayeweka kiduara juu ya i badala ya nukta, huyo mwanamke, hakuna mjadala.

Matokeo: wanaume wote wanafanya kazi zaidi ya saa kumi. Wanawake wote wanapika. Asilimia mia kwa mia! Sikutegemea kabisa yangekuwa safi hivi.

Nimeteua na mifano. Namba 17, mwanamke wa mfano: anapika mara mbili kwa siku, alilia Jumanne iliyopita aliposikia sauti ya mama yake kwenye simu, viduara juu ya kila i. Mtoto wa watu! Nimemnunulia kanga, kwa mama mmoja wa Kizanzibari kule Deira. Maandishi yake sikuyasoma, nilipenda rangi. Namba 9, mwanaume wa shoka: kazi saa kumi na nne, hajalia tangu atoke kwao, nyumbani kauli ni yake. Huyu nitamtaja mwishoni. Watu watanifananisha naye.

Ijumaa, 12 Desemba



Ukumbi wa mgahawa wa Mzee Msellem, Oud Metha. Watu wamejaa. Nimevaa suti ya Idd, mabega yananing'inia. Nikasoma asilimia zangu. Wakasikiliza kwa heshima. Nikasema dada yetu Namba 17, popote alipo, asimame tumtunze. Nikasoma habari zake, simu, machozi, kila kitu. Akina mama wakasema maskini.

Akasimama Idd.

Akaja mbele taratibu, pipa lote, akapokea kanga kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa. Mzee Msellem akaikunjua awasomee watu jina la kanga: UMDHANIAYE NDIYE SIYE. Ukumbi ulicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni.

Kiongozi hababaiki. Nikapaza sauti, nikasema cheko si hoja, nikasoma Namba 9. Saa kumi na nne! Hana machozi! Mwenye kauli! Nikasema mtu kama huyu, ndugu zangu, ndiye anayestahili kutuongoza, na ajitokeze tumwone.

Akasimama Fortunata. Akaeleza kwamba asubuhi yuko kliniki, jioni anashona sare za hoteli, na nyumbani kauli ni yake kwa sababu anaishi peke yake. Akanishukuru kwa kumnadi.

Nikaanza kufafanua makosa ya kawaida ya kitakwimu. Mzee Msellem akanishika bega: "Khalas, mwanangu. Kaa kitako."

Kura zikapigwa, kila mtu akaandika jina kwenye kikaratasi. Fortunata 38. Mimi 2.

Niliingia msalani nikalia. Kidogo tu. Haihesabiwi, fomu zilishafungwa.

Jumamosi, 13 Desemba

Mambo si mabaya. Jana wakati wanakunja meza nilikaa kwenye kiti, Idd akanipiga picha kwa simu, kanga ikiwa begani mwake. Nimemtumia Mama. Amefurahi, amelia. Ameuliza yule binti aliyesimama nyuma ya kiti mkono kiunoni, kama kwamba kiti ni chake, ni nani. Nimemwambia ni karani wangu.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Kura zangu mbili niliomba nipewe nikazihifadhi. Moja ni yangu. Nyingine nimeipima kwenye mwanga tangu alfajiri. Jina langu, Severin, limeandikwa kwa herufi ndogo za mviringo, na juu ya i kuna kiduara.

Mwanamke! Ukumbi wote ulinicheka, na yeye mmoja, kimyakimya, akasimama nami. Ananipenda. Hakuna maelezo mengine.

Nimemweleza Idd, alikuwa anaosha masufuria. Kwa haki ilikuwa zamu yangu, ratiba yake aliyoibandika kwenye friji inasema hivyo, viduara vitupu, lakini nina utafiti. Akasema mwanamke huyo lazima ni mjinga. Nikamwambia yeye mapenzi hayajui, na aniazime ile suti Ijumaa.

Fomu mpya nimeshatunga, za kumtafuta. Safari hii nimeweka me au ke, sirudii kosa. Jina wasiandike, wasije wakaona haya.