Matanga ya Madame Pamela

Jumapili, 17 Mei 2009

Baada ya misa nilisimama mbele ya mamans, akina mama wa kikundi cha parokia, nikawatangazia kwamba Madame Pamela anatungoja kule Rye, Uingereza. Chai bustanini, watu kumi na wawili. Wakapiga vigelegele. Maman Cécile hakupiga. Aliuliza kama Madame amejibu barua yangu. Nikamwambia mimi na Madame hatuandikiani, tunaombeana.

Ukweli nakupa wewe tu, daftari langu. Nilimlelea Madame watoto hapa Brussels, kule Uccle, miaka minne. Alipohamia Uingereza aliniachia anwani, akasema nikipita siku moja nimsalimie. Basi. Nimeandika barua tatu, kimya. Lakini uchaguzi wa kikundi ni Jumapili ijayo, na Cécile anakitaka kiti changu cha présidente. Nikiwanywesha chai ya Kiingereza, nani atampigia yeye kura? Mungu anajua natafuta umoja tu.

Jumanne, 19 Mei

Kazadi, mume wangu, ameuliza tutafanya nini tukikuta mlango umefungwa. Nikasema Bwana atatoa. Akasema Bwana alimtolea Ibrahimu kondoo, lakini Mwingereza hajawahi kumtolea mtu.

Nimefunga hadi saa sita mchana kwa ajili ya safari. Saa nne nilionja sombe kidogo, majani yetu ya muhogo, maana ni ya kubeba, lazima mtu aonje.

Alhamisi, 21 Mei, Kupaa kwa Bwana

Tuliondoka kituo cha Gare du Midi alfajiri. Kiti cha mbele kwenye basi ni cha présidente, kila mtu anajua. Nilikuta mkoba wa Cécile umekikalia. Akasema ameupumzisha tu.

Rye ni mji wa kale, juu ya kilima. Barabara za mawe ya mviringo, nyumba zimeinama kama watu wanaosikiliza umbea. Sisi sote pagne moja, kitenge chenye njiwa wa buluu, na viatu vya kisigino. Nilichagua mimi viatu.

Jioni nilitoroka peke yangu kwenda kwa Madame. Pazia zimefungwa. Nimepiga kengele mara nne. Nikasukuma kikaratasi chini ya mlango: jina langu, anwani yetu ya Saint-Gilles, Brussels, na "Mungu akubariki". Kwa mamans nikasema chai ni kesho.

Ijumaa, 22 Mei

Mpango ulikuwa kuwatembeza mpaka wachoke na kuisahau chai. Tulipita barabara moja mara tatu. Mara ya tatu Cécile akasema, "Présidente, huyu paka sasa tunajuana, anatusalimia." Maman Euphrasie, ambaye ni mkubwa wetu sote, akakaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu akasema goti lake limefika Uingereza, lakini halitafika kwa Madame.

Ndipo nikaona mbele ya kanisa gari jeusi, na jeneza linaingizwa ndani. Wazo likashuka. Nikashika kichwa nikasema polepole: Pamela.

Sikusema amekufa. Nilisema Pamela tu. Maman Euphrasie ndiye aliyeangua kilio.

Tukaingia wote. Waingereza walikuwa wamekaa macho makavu, mikono mapajani. Kwetu muntu hazikwi kwa kunong'ona. Maman Euphrasie alijitupa chini karibu na jeneza akamuuliza marehemu ametuachia nani. Tuliimba nyimbo tatu. Pasta alifunga kitabu chake akangoja. Kwenye wimbo wa pili mzee mmoja akaanza kulia, kisha benchi lake lote.

Mtoto wa marehemu alinishika mikono miwili akatupeleka kwenye ukumbi. Chai, keki, mikate iliyokatwa pembetatu. Donc basi, chai niliyoahidi wameinywa.

Shida ilikuwa karatasi za ibada, zenye picha ya mzee mwenye sharubu. Nilizikusanya zote haraka. Nikaeleza kwamba Uingereza mwanamke akifa wanaweka picha ya mume. Cécile aliitazama yake kwa muda mrefu kabla ya kunipa.

Jumamosi, 23 Mei

Kurudi, Cécile alikaa nami mbele na kunishika mkono njia nzima. Alisema aliyempoteza rafiki wa namna ile haachwi peke yake. Nilidhani ameshindwa.

Hata viatu sijavua, mamans wakaingia kwangu na magodoro. Kanapé, kochi letu, ikatolewa kwenye korido. Nikafungwa kitambaa cheusi kichwani na kukalishwa chini. Matanga, siku tatu. Kazadi akauliza nani amekufa. Wakamwambia Madame Pamela. Akanitazama, akanipa pole, akaenda kujipakulia sahani. Amekula vizuri.

Jumapili, 24 Mei

Uchaguzi. Cécile alisimama na kusoma kanuni ya tisa: aliye kwenye matanga hashiki kazi ya kikundi mpaka siku arobaini zipite. Kanuni hiyo niliiandika mimi, mwaka 2006, maman Claudine alipofiwa na mjomba na mimi nikakitaka kiti chake.

Cécile ndiye présidente wa muda. Alisoma huku analia. Analia vizuri, siwezi kumnyima hilo.

Jumatano, 27 Mei

Barua kutoka Uingereza. Kazadi amenisomea mara mbili, ya pili bila kuombwa. Madame Pamela alikuwa kwa binti yake Scotland. Amerudi, amekuta barua zangu tatu na kikaratasi, amefurahi sana. Anakuja Brussels Jumamosi ya tarehe sita, na Jumapili atakuja misa kuwasalimu mamans.

Kazadi akasema bon, ni rahisi: sema kweli. Hakuna maiti, hakuna matanga, siku arobaini zinaanguka, kiti kinarudi. Nimeliombea jambo hili rozari nzima. Kweli ni kitu kizuri, lakini Cécile angeifurahia mno.

Nimempigia simu maman Euphrasie. Nimemwambia marehemu ameacha pacha, na huyo pacha anakuja. Akauliza anaitwaje. Pamela, nikasema. Nikamweleza kwamba Waingereza hawana Mbuyi wa kwanza na Kabanga wa pili kama sisi. Mapacha wote wanapewa jina moja.

Akasema maskini, kufiwa na pacha si mchezo. Basi mamans wote watavaa nyeusi na kumpokea pale Gare du Midi kwa kilio, na yeye mwenyewe atajitupa chini.

Nimemwambia ni wazo zuri.