Nyota Tano za Kadutu

Katika mwaka wa pili wa vita ilitangazwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, kwamba Bukavu imeingia rasmi katika safu ya miji iliyostaarabika. Kila nyumba mpya itapimwa namna inavyotunza mazingira na kupewa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Itakayokosa nyota mbili itabomolewa. Milio ya bunduki upande wa Nyangezi haikubadilisha ratiba.

Mpimaji Edouard wa Divisheni ya Makazi Endelevu alisikiliza akiwa amesimama wima. Aliamini muhuri kuliko macho yake. Ofisi nzima ilijua kwamba Mkurugenzi Apollinaire alikikodolea macho kiwanja cha mjane mmoja aliyejenga juzi kule Kadutu, penye mandhari safi ya ziwa. Kumfukuza mjane ni dhambi, na Mkurugenzi alikuwa Mkatoliki mwema. Kumpima ni huduma kwa umma. Fomu ilitoka Ulaya, kurasa kumi na mbili, na Mkurugenzi aliipiga muhuri ukurasa kwa ukurasa bila kuisoma. Mtu wa cheo chake hasomi, anaidhinisha.

Mjane huyo, Maman Adolphine, alikuwa ameshafunga sufuria zake ndani ya kitenge. Edouard akafungua fomu, akauliza nyumba inatumia umeme kiasi gani.

"Umeme gani, papa? Tangu vita ianze, hata ampule moja haijawaka."

Matumizi sifuri: alama zote. Je, maji ya mvua yanavunwa? Mama akaonyesha paa lake la makopo ya mafuta ya msaada yaliyopasuliwa. Mvua iliingia yenyewe, naye aliitegea beseni juu ya kitanda. Alama zote, na za ziada kwa kutumia tena vifaa chakavu. Gari hana. Taka huliwa na mbuzi. Edouard alijumlisha mara mbili, kwa heshima.

"Mutabomoa lini, papa?" mama akauliza.

"Hakuna kubomoa, maman. Hii nyumba iko na nyota tano."

Adolphine akafungua kitenge, akaanza kurudisha sufuria zake mahali pake.

Nyumba mpya iliyofuata kwenye orodha ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe, kule Muhumba: jenereta mbili, pampu, vigae vilivyokuja kwa ndege, magari matatu. Edouard alitafuta kwa moyo wote pa kumpa hata alama moja. Fomu haikuruhusu. Akaandika sifuri, akaomba samahani.

Mkurugenzi aliamuru fomu ifutwe. Wafanyakazi wakamweleza, kwa masikitiko makubwa na midomo iliyobanwa, kwamba muhuri ni wake na gari la kutangaza limeshapita. Edouard, aliyekuwa amesoma yote, akamfungulia ukurasa wa kumi na moja: mwenye nyumba ya sifuri anaweza kuiokoa akienda kujifunza miezi mitatu katika nyumba ya nyota tano. Mji mzima ulikuwa nayo moja tu.

Jumatatu Mkurugenzi alipanda Kadutu kwa miguu, godoro kichwani. Majirani walitoka kumpa pole, familia kwa familia. Maman Adolphine hakumcheka. Alimkaribisha, akampa bidoni ya lita ishirini na kumwonyesha njia ya kushuka ziwani.

"Panda nayo polepole, mukubwa," akasema. "Ukimwaga maji, Papa Edouard atatuondolea nyota."