Kiti cha Nazir

Jumatatu, 8 Januari
Stesheni yetu iliona treni mara ya mwisho nikiwa na nywele nyeusi. Sasa wameigeuza makumbusho ya reli. Nimekwenda. Heri ningebaki nyumbani na ful yangu, maharage yangu ya asubuhi! Ukutani kuna picha kubwa: mimi na bendera ya kijani, pembeni Osheik, mkagua tiketi. Chini wameandika, "Bwana Osheik na mtumishi." Mtumishi! Mimi Karrar, niliyegeuza njia za reli ujana wangu wote! Bila mimi gari la Port Sudan lingeingia jikoni kwa watu. Na anayetembeza wageni ni nani? Osheik huyo huyo. Nikamwambia abadilishe. "Haji, shukuru umeandikwa. Yule punda nyuma yako hakuandikwa chochote." Shetani!

Jumanne, 9 Januari
Mpango umeiva. Nimepiga kilemba cha harusini, nikashika fimbo ya marehemu baba, nikaketi kwenye kiti chenye kibao "Kiti cha Nazir". Yaani mkuu wa stesheni. Mkurugenzi wa makumbusho akipita atauliza mimi nani, nami nitamweleza! Badala yake wakaingia wafuga ngamia kutoka jangwani. Kwao nazir ni mkuu wa kabila. Wakavua viatu. Wakauliza mimi ni nazir wa akina nani. Utamu wa kiti ukanipanda kichwani, nikataja kabila la kwanza lililonijia. Balaa! Ndilo lililowaibia ngamia! "Umejileta mwenyewe!" mzee wao akafoka. Wakaketi mlangoni. Ngamia wao, ama sitoki.

Jumatano, 10 Januari
Aliyenitoa jana ni Osheik. Bora ningelala humo! Aliwaambia, "Nazir gani huyu? Hata mbuzi wa mkewe hawamtii." Wakacheka mpaka wakasahau ngamia. Lakini kelele zilimleta mkurugenzi. Kijana, mpole. Akaniuliza jina langu, akaahidi kusahihisha maandishi. Nimepita mbele ya Osheik kifua mbele.

Alhamisi, 11 Januari
Wamesahihisha. "Bwana Osheik na mtumishi wake, Karrar." WAKE! Chai imenimwagikia kanzu nzima. Mke wangu, Batuli, anasema, "Yaishe, mume wangu, tunachekwa na mji mzima." Yaishe? Jumamosi nakwenda kama waziri wa reli. Suti nimeshaazima kwa mkwe. Mabega yamenizidi, lakini mawaziri wangapi wako hivyo!